Njia Isiyolipa Nayo Ina Watu: Somo Kuhusu Wajibu wa Huduma ya Umma Katika Usafiri

Mkazi wa Ruiru anajua nauli ya kutoka jijini inavyopanda mvua ikinyesha jioni. Mkazi wa Ngoliba au Gatuanyaga anajua kwamba gari la mwisho halina saa maalum. Linaondoka likijaa, na lisipojaa huenda lisiondoke kabisa. Mwenye gari naye ana hesabu zake: mafuta, mkopo wa benki, ada ya chama, dereva na makanga. Akiendesha njia isiyolipa, atafilisika. Asipoiendesha, mgonjwa hafiki kliniki na mwanafunzi anachelewa shule.

Basi nani aendeshe njia isiyolipa? Swali hili limejibiwa vizuri zaidi mahali ambapo halikwepeki, yaani visiwani. Huku bara gari likikosekana mtu atatembea, atapanda boda boda au ataomba lifti kwa jirani. Kisiwani feri isipokuja, hakuna anayetoka. Ndiyo maana somo la mwezi huu linawapeleka wakazi wa Thika na Ruiru Likoni, Ukara, Kalangala na hata Uskoti kabla ya kuwarudisha nyumbani.

Ukimaliza kusoma utaweza:

- kueleza maana ya wajibu wa huduma ya umma katika usafiri;
- kutaja mambo sita ambayo mkataba wa huduma hiyo haupaswi kukosa;
- kutofautisha kazi ya serikali ya kitaifa na ya kaunti katika usafiri;
- kuandika ombi la usafiri linaloweza kupimwa, na kujua tarehe za kuliwasilisha.

1. Maana yake

Wajibu wa huduma ya umma ni sharti linalowekwa na serikali juu ya njia fulani ya usafiri. Sharti hilo linasema kwamba huduma lazima iwepo hata kama nauli peke yake haitoshi kuiendesha, na kwamba pengo litajazwa kwa fedha za umma kwa utaratibu ulioandikwa. Fedha hizo huitwa ruzuku au fidia.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Kuna boti inayoruhusiwa kubeba abiria 80. Safari moja ya kwenda na kurudi inagharimu shilingi 30,000. Siku ya kawaida inapata abiria 60, kila mmoja analipa shilingi 200, jumla shilingi 12,000. Pengo ni shilingi 18,000 kwa safari. Mwenye boti ana njia nne.

Njia ya kwanza ni kupandisha nauli hadi shilingi 500. Kwenye karatasi abiria 60 wangeleta shilingi 30,000 kamili. Lakini nusu yao hawana shilingi 500. Wanabaki 30, mapato yanakuwa shilingi 15,000, na hasara bado ipo. Waliobaki nyumbani ndio maskini zaidi.

Njia ya pili ni kuacha safari za siku za kawaida na kubaki na siku ya soko tu.

Njia ya tatu ni kujaza. Kwa nauli ya shilingi 200, boti inahitaji abiria 150 ili irudishe gharama. Nafasi ni 80. Abiria 70 wa ziada watasimama mahali ambapo hapakutengenezwa kwa ajili ya watu. Tutaona huko mbele jambo hili linapoishia.

Njia ya nne ni serikali kumwambia mwenye boti: endesha kila siku, kwa nauli ya shilingi 200, usipite abiria 80, nasi tutakulipa pengo. Huo ndio wajibu wa huduma ya umma.

Mkataba mzuri wa aina hii hujibu maswali sita:

1. Njia ni ipi, kutoka wapi hadi wapi?
2. Ni safari ngapi kwa siku au kwa wiki, na saa ngapi?
3. Nauli ya juu kabisa ni kiasi gani, na nani hulipa nusu au halipi kabisa?
4. Chombo kina nafasi ngapi, na usalama wake unakaguliwa na nani?
5. Pengo linalipwa na nani, kwa hesabu gani?
6. Safari isipofanyika, mwendeshaji anakatwa nini, na abiria anafidiwaje?

Jibu moja likikosekana, kinachobaki ni hisani, na hisani haina tarehe wala saa.

2. Likoni: huduma ambayo tayari tunailipia

Mfano ulio karibu zaidi nasi kisheria uko Mombasa. Kisiwa cha Mombasa kinatenganishwa na Pwani ya Kusini na maji ya Kilindini. Hakuna daraja la magari hapo. Feri huunganisha jiji na Likoni, Ukunda, Kwale na barabara ya kwenda Lunga Lunga. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 300,000 na magari 6,000 huvuka kwa siku.

Anayetembea kwa miguu halipi chochote. Wenye magari hulipa. Hapo tunaona vitu viwili kwa pamoja. Kwanza, wenye magari huchangia gharama ya wasio na magari. Pili, malipo ya magari hayajawahi kuwa mfuko pekee wa kivuko hiki. Vyombo hununuliwa kwa fedha za umma. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini ni za mwaka 1990. MV Likoni na MV Kwale zilifika mwaka 2010. MV Jambo ikaanza kazi mwaka 2017. Kwa miaka mingi msimamizi alikuwa Shirika la Huduma za Feri Nchini, kisha mwaka 2021 kazi hiyo ikahamia Mamlaka ya Bandari za Kenya.

Kwa hivyo mkazi wa Makongeni au Githurai ambaye hajawahi kupanda feri bado anailipia kupitia kodi. Anapaswa kujua kwa nini. Kivuko kikisimama kwa siku moja, wafanyakazi wa bandari hawafiki kazini kwa wakati, na wageni wa hoteli za Diani wanacheleweshwa. Hasara hiyo ni kubwa kuliko ruzuku.

Likoni pia inatufundisha kwamba bei nafuu peke yake haimalizi wajibu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, kusini mwa kisiwa hicho hicho, ilizama ikiwa imebeba watu waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Zaidi ya watu 270 walikufa. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri huko Likoni na kuzama na waliokuwemo, na nchi nzima ikauliza kuhusu milango ya vyombo vile na uwezo wa kuokoa watu. Tarehe 1 Januari 2021 lilifunguliwa daraja linaloelea la watembeaji huko Liwatoni ili kupunguza msongamano. Ukiangalia maswali yetu sita, swali la nne ndilo lililokuwa na majibu hafifu kwa muda mrefu.

3. Ukara na Pemba: gharama ya kukosa nafasi

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, mita chache kutoka gati la kisiwa cha Ukara. Kilitoka Bugolora, kisiwani Ukerewe, siku ya gulio. Kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228.

Kivuko hicho kilikuwa cha serikali, chini ya wakala uitwao TEMESA. Nauli ilikuwa ndogo. Njia ilijulikana. Kilichokosekana ni nafasi ya kutosha siku ambayo kila mtu alihitaji kuvuka, na mtu wa kusema basi, imejaa. Chombo kimoja kiliachiwa kubeba gulio zima.

Zanzibar ilikwisha kulipia somo kama hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama karibu na Nungwi na kuua mamia ya watu. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, wengi wakirudi kwao baada ya Idi. Julai 2012 meli nyingine, MV Skagit, ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Baadaye Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilinunua meli yake mpya, MV Mapinduzi II, iliyowasili Desemba 2015 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 1,200, ili isitegemee vyombo vya wafanyabiashara peke yao.

Rudi kwenye hesabu ya boti yetu ya kubuni, kwenye njia ya tatu. Kujaza ni ruzuku inayolipwa na abiria kwa usalama wake. Matatu ya watu 14 inayobeba 20 usiku kwenye barabara ya Garissa inatumia hesabu ile ile.

4. Kalangala: serikali inalipa, kampuni inaendesha

Majirani zetu wa Uganda wana mfano unaoonyesha kwamba wajibu wa umma haulazimu serikali kushika usukani. Visiwa vya Ssese vinaunda wilaya ya Kalangala katika Ziwa Victoria. Kisiwa kikubwa ni Bugala. Kuanzia mwaka 2012 kampuni ya Kalangala Infrastructure Services iliendesha feri kati ya Bukakata, upande wa Masaka, na Luku kisiwani Bugala, kwanza MV Pearl kisha MV Ssese. Abiria na magari walivuka bila kulipa. Serikali ya Uganda ndiyo iliyoilipa kampuni kulingana na mkataba.

Kutoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, hali ni tofauti. Meli ya MV Kalangala ni ya serikali, inaendeshwa na kampuni, lakini abiria hulipa nauli. Kwa hiyo kisiwa kimoja kina mipango miwili. Katika njia fupi, inayofanya kazi ya barabara, pengo lote linalipwa na umma. Katika njia ndefu ya kwenda upande wa mji mkuu, abiria anachangia.

Jambo la kujifunza ni kwamba kuna angalau njia tatu za kutimiza wajibu: serikali kuendesha yenyewe kama Likoni, serikali kumiliki chombo na kukodisha uendeshaji, au serikali kuilipa kampuni kwa mkataba. Kila moja inaweza kufaulu au kushindwa. Maswali sita ni yale yale.

5. Ndege za visiwani: njia isiyo na watalii

Kwetu Kenya ndege hufika Manda, uwanja unaohudumia Lamu, kwa sababu kuna wageni na wafanyabiashara wa kulipa nauli. Abiria akishuka anavuka kwa boti hadi mji wa Lamu. Lakini mkazi wa Faza au Siyu, kisiwani Pate, hutegemea boti za watu binafsi zinazofuata maji kujaa na kupwa. Hapo soko limefika Manda likasimama.

Ulaya walikutana na jambo hilo zamani wakaliandikia sheria. Sheria yao ya mwaka 1992 kuhusu usafiri wa baharini iliruhusu nchi kuweka masharti ya huduma ya umma kwa meli za visiwani. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu ndege inaeleza utaratibu hatua kwa hatua. Serikali hutangaza masharti ya njia: safari ngapi, viti vingapi, nauli gani. Mashirika ya ndege hupewa nafasi ya kwanza ya kuendesha njia hiyo bila ruzuku. Yasipojitokeza, zabuni hutangazwa, na mshindi hupewa njia hiyo peke yake kwa muda usiozidi miaka 4 katika maeneo mengi. Fidia haipaswi kupita gharama halisi iliyobaki baada ya kuondoa mapato, pamoja na faida ya kiasi.

Kwa utaratibu wa aina hiyo kisiwa kidogo cha Barra, Uskoti, hupata ndege kutoka Glasgow. Ndege hiyo hutua ufuoni, juu ya mchanga, na ratiba yake hufuata maji kupwa. Hakuna mfanyabiashara ambaye angeipenda njia hiyo kwa faida. Wagiriki wana jina zuri kwa njia za meli za namna hii. Wanaziita njia tasa, kama shamba lisilozaa, na huzilipia. Marekani nayo, ilipoyaachia mashirika ya ndege uhuru wa kuchagua njia mwaka 1978, iliweka mpango wa kulipia ndege za miji midogo ambayo ingeachwa.

Uskoti wanatufundisha jambo jingine upande wa feri. Huko nauli za visiwa vya magharibi hupangwa zikilinganishwa na gharama ya kuendesha gari umbali ule ule barabarani. Wazo ni rahisi: mtu asitozwe zaidi kwa sababu barabara yake ni maji. Lakini wazo zuri halielei bila chombo. Feri mpya iitwayo Glen Sannox, iliyoagizwa mwaka 2015 na kutarajiwa mwaka 2018, ilianza kubeba abiria Januari 2025. Kwa miaka hiyo wakazi walitegemea vyombo vilivyozeeka, na safari nyingi zikafutwa.

6. Turudi Thika na Ruiru

Kiambu haina bahari. Je, somo la visiwani linatuhusu vipi? Linatuhusu kwa sheria na kwa maisha ya kila siku.

Tuanze na sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi za usafiri. Serikali ya kitaifa ina barabara kuu, reli, usafiri wa ndege na wa majini wa kitaifa. Kaunti zimepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, utaratibu wa magari na maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na pia feri na bandari, isipokuwa usimamizi wa meli wa kitaifa na kimataifa. Usafiri wa umma wa barabarani na feri vimewekwa kwenye orodha moja. Walioandika Katiba waliviona kuwa ndugu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 116, inasema kaunti na mashirika yake yana wajibu wa kutoa huduma katika eneo lake, kwa kuzingatia usawa, ufanisi, ufikiaji, kutobagua, uwazi na uwajibikaji. Kifungu cha 120 kinahusu ada za huduma za umma. Kinataka familia maskini zipate angalau huduma za msingi, ikiwezekana kwa ada maalum au kwa ruzuku, na kinataka kiasi cha ruzuku hiyo kiwekwe wazi.

Sasa tuangalie njia zetu.

*Reli.* Reli ilifika Thika mwaka 1913. Leo treni za abiria za Shirika la Reli huunganisha Ruiru, Kahawa na Githurai na jiji, hasa asubuhi na jioni. Treni haingoji kujaa wala nauli yake haipandi kwa sababu ya mvua. Hiyo ni tabia ya huduma ya umma. Lakini ratiba, idadi ya mabehewa na safari ya mwisho ya jioni ni mambo ya serikali ya kitaifa. Malalamiko yake hayapelekwi kwa mwakilishi wadi peke yake.

*Matatu.* Leseni hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, na kanuni za mwaka 2014 zinataka magari yawe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Leseni humruhusu mwenye gari kuhudumia njia. Kumlazimisha arudi saa tatu usiku kwa ajili ya abiria watatu ni jambo jingine, linalohitaji mkataba na malipo. Kaunti kwa upande wake inasimamia steji, maegesho na taa.

*Eneo la jiji kuu.* Tangu mwaka 2017 kuna mamlaka ya pamoja ya usafiri, NaMATA, inayohusu Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Mtu anayelala Ruiru na kufanya kazi Industrial Area anavuka mipaka ya kaunti mara mbili kwa siku. Mkataba wowote wa huduma kwenye barabara ya Thika utahitaji kaunti zaidi ya moja mezani.

*Pembezoni.* Njia za katikati, kama Thika kwenda jijini, hulipa. Magari yanashindana. Njia za pembezoni, kuelekea Ngoliba au mashamba ya chini ya Kilimambogo, ndizo zetu zinazofanana na njia tasa za Wagiriki. Huko ndiko mama mjamzito anayepewa rufaa kwenda Hospitali ya Thika Level 5 hukodi pikipiki usiku. Gharama anayolipa kwa safari hiyo moja ndiyo pengo letu, isipokuwa linalipwa na mtu mmoja badala ya umma.

7. Upande wa pili wa hesabu

Ni haki kusema kwamba ruzuku ya usafiri ina hatari zake, na mkazi mwenye kuuliza maswali ndiye kinga.

Shilingi inayolipia gari haiwezi kulipia dawa. Kabla ya kudai ruzuku, wadi ijiulize kama tatizo ni gari au ni barabara. Mahali pengine daraja dogo la miguu juu ya mto au barabara yenye changarawe itavuta matatu zenyewe bila mkataba wowote. Kule Dar es Salaam, Daraja la Kigamboni lililofunguliwa Aprili 2016 liliwapa wakazi njia nyingine mbali na kivuko cha Magogoni.

Hatari nyingine ni mwendeshaji kulala. Akijua atalipwa hata gari likikaa gereji, hana sababu ya kulitengeneza. Ndiyo maana malipo yafuate safari zilizofanyika, na mkataba uwe na mwisho. Vilevile ruzuku inaweza kuwafaidi wasioihitaji. Likoni walitatua hili kwa njia rahisi: mwenye gari analipa, mtembeaji halipi.

Mwisho, ahadi bila kumbukumbu haipimiki. Ikiwa hakuna anayeandika gari lilipita saa ngapi, hakuna atakayejua kama wajibu ulitimizwa.

8. Jinsi ya kuomba

Wengi huandika: "Tunaomba mtuletee usafiri." Ombi hilo ni la kweli, lakini afisa wa bajeti hana pa kulishika. Linganisha na hili:

"Sisi wakazi wa vijiji vifuatavyo tunaomba huduma ya gari hadi Thika mjini siku za Jumanne na Alhamisi, ambazo ni siku za kliniki. Safari moja iondoke kabla ya saa moja asubuhi, nyingine irudi baada ya saa kumi jioni. Kwa wiki nne tumehesabu abiria katika steji na tumeambatanisha hesabu hiyo. Nauli tunayoweza kulipa ni hii. Tunaomba mtueleze pengo ni kiasi gani na linaweza kulipwa kutoka wapi."

Ombi la pili limejibu maswali matatu ya kwanza na kuuliza la tano. Linaweza kukubaliwa, kupunguzwa au kukataliwa, lakini haliwezi kupuuzwa kwa kisingizio kwamba halieleweki.

Kumbuka tarehe hizi za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012:

- Tarehe 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umewasilishwa katika bunge la kaunti. Toa maoni kabla ya hapo.
- Tarehe 28 Februari: waraka wa mkakati wa fedha huwa umewasilishwa. Hapa ndipo kila idara hupangiwa kiwango chake.
- Tarehe 30 Aprili: makadirio ya bajeti huwa yamewasilishwa. Bunge la kaunti huita maoni ya umma baada ya hapo.
- Tarehe 30 Juni: mwaka wa fedha unaisha. Ombi la Julai linangoja mwaka mwingine.

Unayo pia haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti, na haki ya kupata taarifa chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa afisa wa umma siku 21 kukujibu. Unaweza, kwa mfano, kuuliza ni fedha ngapi zilitengwa kwa steji yenu mwaka uliopita na ni ngapi zilizotumika.

Peleka kila jambo kwa mwenyewe: ratiba ya treni kwa Shirika la Reli, leseni na mwenendo wa magari kwa NTSA, steji, taa na barabara za kaunti kwa ofisi ya kaunti ndogo au mwakilishi wadi wako. Weka nakala ya kila barua, ikiwa na tarehe na muhuri wa kupokelewa.

Maneno ya somo

*Ruzuku:* fedha za umma zinazojaza pengo kati ya gharama na nauli.
*Zabuni:* mashindano ya wazi ya kupata kazi ya serikali.
*Njia tasa:* njia ya usafiri isiyoweza kujilipa kwa nauli.
*Ratiba:* orodha ya safari na saa zake, inayofuatwa hata gari lisipojaa.

Maswali ya majadiliano katika baraza, chama au darasa

1. Taja njia moja katika wadi yenu ambayo magari huiacha. Huachwa saa ngapi, na siku gani za wiki?
2. Ni nani anayeumia zaidi gari lisipokuja, na hulipa kiasi gani kwa njia mbadala?
3. Tumieni maswali sita ya sehemu ya kwanza kupima treni ya Ruiru. Ni maswali mangapi yana majibu yaliyoandikwa mahali abiria anaweza kuyasoma?
4. Kati ya gari la ruzuku, barabara bora na kliniki ya kijijini, ni kipi kingepunguza safari za usiku katika eneo lenu? Toeni sababu.
5. Chagueni watu wawili wahesabu abiria katika steji yenu kwa wiki nne, asubuhi na jioni. Leteni hesabu hiyo kwenye kikao kijacho cha maoni ya umma.